Mwalimu mgeni Pemba, ulizia kwanza simu ni ya nani

Mwaka wangu wa kwanza wa kusomesha fizikia Wete, nilikesha natengeneza video ya dakika 12. Nikaitia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, nikalala nimeridhika. Asubuhi nauliza nani kaiona: mikono minne. Msichana mmoja akanambia, "Maalim, simu ni ya baba, na baba hurudi usiku. Bando lenyewe la kuulizia bei ya samaki."

Kwa hivyo wiki ya kwanza, kabla hujahangaikia programu, zunguka na kidaftari: nyumbani kuna simu gani, ya nani, inashikika saa ngapi? Mimi sasa hutuma sauti ya dakika 2, jambo moja tu. Hula bando dogo, na msimu wa karafuu, viti vikiwa vitupu, huwafikia waliokwenda kuchuma. Baadhi ya wazee wao nao husikiliza; mmoja alinisimamisha sokoni kunibishia. Mwenye kitochi mpe karatasi, usimwite mvivu.

Darasani inatosha simu moja, yako, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Funga jiwe kwenye uzi, mita 1 kutoka penye fundo la juu hadi katikati ya jiwe, ulisukume kidogo. Kwenda na kurudi mara 20 huchukua kama sekunde 40. Kundi moja lilipata 38 wakaapa hawakukosea. Bahati nilikuwa nimewarikodi. Tukarudisha picha polepole: aliyehesabu alisema "moja" pale pale jiwe lilipoachiwa, badala ya kungoja lirudi. Walihesabu safari 19. Walicheka wenyewe, na tangu siku hiyo wanaanza na sifuri bila kukumbushwa. Ubaoni nilikuwa nimeshawaambia mara tatu.

Ukienda Chake au popote penye mtandao mzuri, pakua mapema. Programu ya Kiwix, kwa mfano, hufungua Wikipedia bila intaneti ukishakuwa na faili lake. Hakikisha tu kadi ya simu ina nafasi. Chaji usiku, usitegemee umeme wa skuli.

Jengine: kundi la darasa awemo mwalimu mwenzako na mzee mmoja au wawili. Mwanafunzi usimwandikie faraghani, hata akiuliza hesabu. Mjibu kundini, au mngoje asubuhi.