Je, Naamani Aliabudu Sanamu Nyumbani mwa Rimoni?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nimeajiriwa kumhudumia mama mzee wa dini ya Kihindu ambaye hawezi kutembea bila kushikwa. Kila juma humpeleka hekaluni kwao, na anapoinama mbele ya sanamu nami huinama naye, kwa kuwa nikimwachia ataanguka. Mhubiri mmoja ameniambia kwamba roho ya mungu yule imekwisha kuniingia kama Rimoni alivyomwingia Naamani, na kwamba nisipotoa sadaka ya kufunguliwa, laana itawafuata wanangu. Nimeahidi kuilipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, na tangu siku hiyo sijathubutu kushiriki Meza ya Bwana. Je, nimeabudu sanamu?

JIBU: Dada yangu, hukuabudu sanamu. Nimetanguliza jibu kwa sababu maneno yako yanaonyesha kwamba unaishi kwa hofu, na hofu hiyo umetiwa na mtu aliyeisoma nusunusu 2 Wafalme 5, sura inayosimulia jinsi Naamani, jemadari wa Shamu, alivyotakaswa ukoma wake kwa neno la nabii Elisha.

Rimoni kama mungu ametajwa katika aya moja tu ya Maandiko, aya ya 18 ya sura hiyo, ingawa jina lake limo pia ndani ya jina la Tabrimoni, baba wa Ben-hadadi mfalme wa Dameski, na katika maombolezo ya Hadadrimoni anayoyataja Zekaria. Alikuwa ndiye Hadadi, mungu wa radi na mvua wa watu wa Shamu. Na mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Ugarit, mji wa kale wa pwani ya Shamu, kuanzia mwaka 1929 yanaonyesha kwamba Baali wa Wakanaani naye aliitwa kwa jina hilo hilo la Hadadi. Jambo hili wahubiri wengi hulipita, nalo lina uzito mkubwa. Elisha ndiye aliyerithi vazi la Eliya, na Eliya ndiye aliyesimama Karmeli dhidi ya manabii wa Baali hadi wakauawa kando ya kijito cha Kishoni. Nabii aliyelelewa katika vita hiyo hawezi kudhaniwa kuwa hakujua ni nani aliyekuwa akiabudiwa katika nyumba ile ya Dameski, wala kwamba aliiogopa kazi ya kukemea.

Sasa tazama Naamani alisema nini. Alikwisha kuahidi kwamba hatatoa tena dhabihu kwa miungu mingine ila kwa Bwana, akaomba hata udongo wa Israeli, mzigo wa baghala wawili, auchukue kwao. Ndipo akaeleza shida yake: mfalme huingia nyumbani mwa Rimoni akiwa ameutegemea mkono wake, na mfalme akiinama, yeye naye huinama. Kuutegemea mkono kulikuwa utumishi uliojulikana, kwa maana katika sura ya 7 mfalme wa Samaria naye ana akida ambaye huutegemea mkono wake. Mwili wa Naamani ulishuka kwa sababu uliubeba mwili wa mwingine, na moyo wake ulibaki kwa Bwana aliyemtakasa. Elisha akamwambia, “Enenda kwa amani.”

Wapo wanaosema kwamba maneno hayo ni ya kuagana tu na hayana ruhusa ndani yake. Nakubali kwamba Elisha hakumpa Naamani hati ya kuingia na kutoka apendavyo, na Naamani mwenyewe aliomba msamaha, maana yake hakulichukulia jambo lile kuwa jepesi. Lakini nabii ambaye katika sura hiyo hiyo anamfichua mtumishi wake Gehazi kwa uongo wake hakuwa mtu wa kunyamazia ibada ya sanamu kwa adabu ya kuagana. Vilevile aya hii haimsaidii yule anayekwenda kwa mganga usiku kwa ajili ya uchaguzi au biashara, kisha akadai kwamba aliinamisha mwili tu. Huyo amekwenda kwa haja yake mwenyewe, wala hakuna mzee aliyeushika mkono wake.

Nalirudia sasa neno la huyo mhubiri. Ni wapi palipoandikwa kwamba Rimoni alimwingia Naamani? Hakuna. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 4:27, alimtaja Naamani mbele ya watu wa Nazarethi kuwa ndiye mkoma pekee aliyetakaswa siku za Elisha, na hakuongeza kwamba baadaye alinajisika. Tena laana imo kweli katika sura hiyo, inayofuata uzao milele, na aliyeipata ni mtu wa nyumbani mwa nabii. Naamani alikuja na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi, na Elisha akakataa kupokea chochote. Gehazi akamkimbilia barabarani, akatunga habari ya wageni wawili, akapata talanta mbili na mavazi mawili, na pamoja navyo ukoma. Mtu anayekutoza fedha kwa neema ambayo Mungu aliitoa bure, tena akiitumia sura hii hii kukutisha, amejichagulia mahali pa Gehazi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

Kwa hiyo mshike mama yule kama ulivyokuwa ukimshika. Mbebee sinia yake ya maua na nazi hadi mlangoni au hadi mbele, kwa kuwa mikono yake imedhoofika, lakini sadaka na aitoe mwenyewe. Ukipewa vile vitamu vilivyotolewa mbele ya sanamu, kataa kwa heshima na bila kukunja uso, kama Paulo anavyoelekeza katika 1 Wakorintho 10:28. Ikitokea siku nyumba ile ikakuagiza uabudu wewe mwenyewe, hapo umetoka kwa Naamani na kuingia kwa Shadraki, Meshaki na Abednego, waliokataa kuisujudia sanamu ya mfalme, nawe utakataa, hata kwa gharama ya kazi. Kwa maelezo yako hakuna aliyekuagiza hivyo, na mama huyo hajakukosea. Usimdharau moyoni, wala usiwasimulie watu ibada yake kwa kicheko.

Jumapili hii mweleze mchungaji wako jambo hili lote, kisha urudi Mezani. Ahadi uliyoichukua kwa kutishwa haikufungi, na fedha hiyo ni ya watoto wako.