Mota ya umeme ya boti, niongeze kubwa kiasi gani?

Fundi habari, nina boti ya faiba kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, tukipanda wawili na nyavu inagonga kilo 600 hivi, mota yangu ya umeme ni ya pauni 30 za msukumo, upepo wa mchana ukishaanza inavuruga maji tu boti haiendi. Nichukue ya 55? – Msomaji, Moshi

Salama ndugu yangu. Hesabu ya haraka ni kilo 2 za msukumo kwa kila kilo 100 za mzigo, kwa hiyo wewe unahitaji kama kilo 12, na hiyo pauni 30 yako ni kilo 13 na kitu, yani maji yakitulia sawa ila upepo lazima ukushinde. 55 ni kilo 25, inakufaa na bado unabaki na volti 12. Kasheshe ni betri, hiyo mota ukiifungulia yote inakula kama ampia 50, betri ya risasi ya ampia-saa 100 usiishushe chini ya nusu so una kama saa moja tu, na tafadhali usibebe ya gari, chukua dipu saiko, yani ile inayovumilia kutumika sana na kuchajiwa tena na tena. Ya pauni 80 inataka volti 24, betri mbili, uzito huo wote wa nini? Halafu cheki feni, ikichungulia juu wimbi likipita basi mti wa mota, ile nguzo inayoshuka majini, ni mfupi.