"Mionzi ya jua" au "miale ya jua"? Kosa liko kwingine

Swali: Mwalimu wa Tabora, akifundisha kuhusu gesi za angahewa zinazoifanya dunia ihifadhi joto, ameandika ubaoni: "Gesijoto huzuia mionzi ya jua isirudi angani." Mwenzake anasema neno ni "miale". Nani yuko sahihi?

Jibu: Kwa neno hilo mnalogombania, mwalimu hajakosea. Mwale ni ule mstari wa mwanga unaopenya tundu la bati na kuonyesha vumbi chumbani; mionzi ni pana zaidi, hata isiyoonekana imo.

Kinachoharibu sentensi ni "ya jua". Fikirieni Tabora mwezi Juni: anga jeupe, hewa kavu, mchana watu wanagombania kivuli cha mwembe, alfajiri wanatetemeka. Usiku wa mawingu wa masika baridi hiyo haipo, maana joto limenaswa. Sasa usiku jua liko wapi hata mionzi yake izuiwe? Kinachonaswa ni mionzi ambayo ardhi yenyewe inaitoa, ya infraredi (isiyoonekana kwa macho), baada ya kushinda juani. Kwa wastani wa dunia nzima, mchana na usiku, jua hutuletea wati 340 kwa kila mita ya mraba juu ya angahewa. Kama 100 huakisiwa, hasa na mawingu. Hiyo ndiyo mionzi ya jua inayorudi, na gesijoto hazina habari nayo. Zile 240 zinazobaki hufyonzwa.

"Huzuia" nalo limezidi. Gesi zingezuia kweli, joto lingepanda bila kikomo. Mvuke wa maji, kabonidayoksaidi na methani hufyonza mionzi ya ardhi, kisha huitoa upya kila upande, nyingine ikishuka chini. Mizani ikiwa sawa, wati 240 huingia na 240 hutoka. Gesi zikiongezeka, kinachotoka hupungua. Ardhi hupata joto zaidi mpaka mizani isawazike tena. Bila gesi hizo wastani wa halijoto ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, si 15 juu yake.

Na "angani"? Gesi zenyewe ziko angani! Semeni "anga za juu".

Ningeandika: "Gesijoto hufyonza mionzi ya joto itokayo ardhini na kurudisha sehemu yake chini." Wanafunzi waambiwe pia kwamba gesijoto si gesi ya moto; wengi huisoma hivyo kwa sababu ya jina.