Fundi Anajibu: Silinda za breki za Pijo la marehemu baba nazipata wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Tabata, nina Peugeot 504 stesheni wagoni ya marehemu baba, ile ndefu ya siti za safu tatu, mzee mpaka anafariki alikuwa anaiosha kila Jumamosi hata kama haijatoka getini wiki nzima. Sasa breki zimekufa, ukikanyaga pedeli inaenda mpaka chini, lazima upampu mara 2 au 3 ndo ishike, na tairi la nyuma kushoto kwa ndani limelowa. Fundi wa mtaani akafungua akasema silinda za nyuma hazifai, basi nimezunguka Kariakoo siku 2, Gerezani yote, nikaenda mpaka Ilala Shaurimoyo, kila duka nikitaja Pijo 504 wananiangalia kama nimeulizia spea za treni, mmoja akacheka kabisa akaniambia kaka hiyo peleka chuma chakavu. Fundi mwisho wake kaikunja ile paipu ya breki ya nyuma kaigonga nyundo ikaziba, anasema nitembelee za mbele kwanza. Je naweza kutembea hivyo? Na hizo silinda kwa hapa Dar nazipata wapi? Kuna mwingine ananishauri nitoe difu nzima (ule mtambo wa nyuma unaozungusha tairi) nifunge ya Hiace. Msomaji wako, Tabata.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba wa mzee.

Hiyo gari ipaki leo. Sio kesho. Najua mafundi wengi wanaziba paipu kwa nyundo na mteja anaondoka anafurahi kwa sababu pedeli imerudi juu, lakini fikiria unashuka Kimara na foleni imesimama ghafla mbele yako, breki unazo mbili tu za mbele, ule mpira wa mbele unaopitisha maji ya breki nao ni wa umri huohuo wa gari, ukipasuka umebaki na hendibreki, na hendibreki yenyewe inashika kwenye dramu zilezile za nyuma ambazo zimelowa maji ya breki. Dramu iliyolowa haishiki, inateleza kama sabuni. Na hiyo paipu iliyogongwa ihesabu imekufa, haikunjuliwi ikarudi kazini, utanunua nyingine.

Sasa turudi kwenye kuzunguka kwako. Wale wa dukani hawajakudanganya, boksi limeandikwa Peugeot 504 hawana. Ila na wewe umeuliza vibaya. Silinda ya breki haijui imefungwa kwenye gari gani, inajua kipimo tu. Magari mengi ya Ulaya ya enzi hizo kiwanda cha gari hakikutengeneza breki, kilinunua kwa watu wa breki, kuna Girling wa Uingereza, ATE wa Ujerumani, Bendix wa Marekani, na gari za modeli moja unaweza kuzikuta hii ina ya huyu ile ina ya yule. Kwa hiyo hata ukimpata mtu ana silinda "ya 504" bado inaweza isiingie kwako! Ndo maana nasema kila siku, usiende dukani na jina la gari, nenda na kitu chenyewe mkononi.

Fungua silinda zote mbili, kushoto na kulia, hata kama ya kulia haivuji, itafuata tu. Ukiifungua utakuta vikofia viwili vya raba vya vumbi, pistoni mbili, springi katikati, na raba mbili ndogo kama vikombe. Mara nyingi kilichokufa ni hivyo vikombe basi, chuma bado kizima. Osha na spiriti au maji ya breki yenyewe, petroli usiguse, petroli inavimbisha raba. Alafu ingiza kidole pitisha ukucha ndani ya tundu. Kama ukucha unateleza bila kukwama, piga msasa laini kidogo kwa kuzungusha, sio kwa kuvuta mbele na nyuma, na unachohitaji ni ripea kiti tu, yaani pakiti ya raba mpya. (Ukisema "kiti" kwa mtu asiye wa spea utauziwa stuli.) Kama ukucha unakwama kwenye vishimo vya kutu, basi raba mpya utazimaliza bure, vile vishimo vinazikwangua na wiki haiishi imeanza kuvuja tena.

Ripea kiti inanunuliwa kwa kipimo cha tundu. Angalia nje ya silinda, mara nyingi kuna namba imetokea na chuma, labda 22 hiyo ni milimita, au 3/4 au 13/16 au 7/8 hizo ni inchi. Kama imefutika mpelekee fundi toning, yule wa mashine ya kuchonga vyuma, apime na venia (kile kipimio cha milimita), na apime tundu, asipime raba ya zamani kwa sababu ile ishavimba. Hapa nakwambia kwa uchungu. Zamani nikiwa bado nafundishwa kazi nilitumwa kiti ya silinda ya 13/16 nikarudi na ya 3/4, kwa macho zinafanana, tofauti yake ni milimita moja na nusu na ushee. Tukafunga, tukatoa upepo, pedeli ngumu safi. Kesho yake mwenye gari karudi anaendesha kwa gia ya kwanza toka Mbagala, tairi limelowa mpaka rimu, na bosi wangu hakuniuliza kitu, alinikata posho ya wiki. Basi ukishajua kipimo chako na umbo la raba, rudi palepale Gerezani usitaje Pijo kabisa, sema naomba raba za wili silinda (ndo hizo silinda za breki za tairini) za saizi fulani, weka ya kwako juu ya kaunta. Utashangaa, zinaweza kutoka kwenye boksi la lori dogo la Kijapani.

Kama chuma kina vishimo, pale Gerezani hapohapo kuna mafundi toning wazuri. Mwambie apanue tundu aingize slivu, yaani kibomba cha ndani, ya brasi au stenlesi alafu airudishe kwenye saizi ileile ya mwanzo. Ileile, sio "tumeongeza kidogo", maana raba haiongezeki. Kazi hii ni ya siku nyingi duniani kote wenye magari ya zamani wanaifanya, na ikifanywa vizuri inadumu kuliko silinda mpya ya bei chee, mimi naiamini.

Ukitaka mpya kabisa, jirani ndo ana afadhali. Kenya walikuwa wanaziunga hizi 504 wenyewe, kwa hiyo Nairobi pale Kirinyaga Road bado kuna watu wanaielewa hii gari, mtu akikupigia picha kwanza na kipimo kikakubali anaweka kwenye basi. Na Ufaransa kuna L'Aventure Peugeot, hao wanauza spea za Peugeot za zamani, ila huko piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujalipa. Na yule aliyekwambia chuma chakavu mwambie 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978 ile ya coupé, ya milango miwili.

Vitu vingine ukiwa umeshafungua. Breki shuu za nyuma zikiisha usihangaike kutafuta mpya, peleka zibandikwe laining (ule utando unaosugua dramu) na ribeti, hiyo ipo tangu babu. Pedi za mbele hapana! Pedi ya kubandika kwa gundi ya mtaani ikipata moto inabanduka, nunua pedi kamili, geuza ya zamani nyuma kwenye bamba la chuma utafute namba ya WVA ya tarakimu 5, hiyo ndo jina lake halisi popote duniani. Lile vumbi la breki za zamani usilipulize na upepo, laining za enzi hizo nyingi zilikuwa na asbesto, lowesha na maji kwanza ndo ufute. Paipu ya chuma uliyoharibiwa usikubali kuwekewa ya shaba ya friji, inawekwa sana mtaani na inachanika kwa mtikisiko. Na mpira wa breki usitengenezewe kwa wale wa mipira ya haidroliki ya magreda, mipira yao mingi ni ya oili, maji ya breki yanaila kwa ndani kidogokidogo bila wewe kuona.

Difu ya Hiace? Hapana bana. Utakata propela (ule mhimili unaotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma), utahamisha springi, upana hautalingana, yote hayo kwa ajili ya raba nne.

SWALI: Fundi mambo, nina Toyota Mark II GX100, nikienda dukani nikisema pedi za mbele za GX100 naambiwa zipo aina 2, nichukue ipi? Msomaji, Temeke.

JIBU: Poa. Piga picha ile plati ya namba ya chesesi iliyopo chumba cha injini, muuzaji anayejielewa ataitoa namba ya Toyota kwa hiyo, pedi za mbele zinaanza na 04465, shuu za nyuma 04495. Asiyeuliza chesesi wala pedi ya zamani anakubahatishia.

SWALI: Naomba kuuliza, maji ya breki yameisha usiku njiani, rafiki yangu anasema niongezee maji ya sabuni au oili ya pawa stelingi nifike nyumbani, ni sawa? Dada wa Kigamboni.

JIBU: Dada, oili ya pawa usiweke hata tone, inavimbisha raba zote toka masta silinda ya pedeli mpaka kwenye tairi na utanunua kila kitu upya. Maji ya sabuni yanachemka kwenye nyuzi 100 wakati maji ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanafika 205, yakichemka pedeli inazama, na chuma kinaota kutu. DOT 3 na DOT 4 kuongezeana ni sawa, DOT 5 ya silikoni usichanganye. Na maji hayo hayaishi yenyewe, kama yameisha kuna panapovuja, kwa hiyo usiku huo ita mtu akuvute.