Wanalipa Ili Wakae Kimya

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja hapa Paje. Kila asubuhi wageni wanatandika mikeka ufukweni, wanafumba macho, wanakaa kimya, na nasikia wanalipa dola nyingi. Mama anasema hayo ni maradhi ya walioshiba. Mimi navutiwa, ila naona haya. Kutafakari ni mambo ya wenye pesa tu?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama hajakosea sana. S. N. Goenka, aliyekuja kuwa mwalimu wa kutafakari, alizaliwa Mandalay, Burma (sasa Myanmar), mwaka 1924, na alikuwa mfanyabiashara tajiri mwenye kipandauso kilichowashinda madaktari wa nchi kadhaa. Akamwendea U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa serikali aliyekuwa pia mwalimu wa kutafakari. Huyo akamkatalia: kama kilichomleta ni kichwa tu, hapo si pahala pake. Mpaka aliporudi na nia nyingine, 1955, ndipo akapokelewa. Miaka ya 1960 wanajeshi walioshika serikali wakataifisha biashara zake. Mali ikaenda, naye ndiyo kwanza akazidi kukaa kwa mwalimu wake. Mwaka 1969 akaenda India kufundisha.

Kozi zake ni za siku 10, unakula, unalala, hudaiwi ada. Waliokwisha kupita ndio wanaochangia wanaokuja.

Sasa niambie, bosi wako atakupa siku 10 na mshahara juu? Hapo ndipo matajiri wanapotuacha. Mwaka 1994, katika gereza la Tihar, Delhi, wafungwa zaidi ya 1,000 walikaa kozi moja ya namna hiyo. Ufukwe hawakuwa nao, muda walikuwa nao.

Hao wageni wako wako likizo. Wanacholipia ni bahari, juisi ya ukwaju, na wewe unayewatandikia vitanda. Kufumba macho hakuuzwi.

Anza na dakika kumi baada ya sala ya alfajiri, kabla hujatoka kwenda kazini. Kaa, sikiliza pumzi ikiingia na kutoka puani, basi. Utasinzia, maana mwili unaogeuza magodoro kutwa lazima usinzie. Ukisinzia, lala, kesho ipo. Na mama akiwa ni mtu wa kuvuta uradi, kaa naye siku moja umuulize moyo wake unakuwaje, haya itakutoka.

Darasa la asubuhi hapo hotelini, muombe meneja uingie. Ila asikukate mshahara.