Hiyo krimu ya mitishamba ya Kibuye, ununue ama uache?

Dadangu, umeuliza kama hiyo krimu ya aloe vera ya soko la Kibuye, Kisumu, ni salama juu wameandika "asili". Hilo neno yeyote anaweza kuchapisha. Geuza mkebe usome orodha ya viungo, huwa inaanza na kilicho kingi, sasa kama maji na parafini (ile ya vipodozi, si mafuta taa) ziko mbele na aloe iko nyuma ya pafyumu, unalipia picha ya jani tu. Na ikiahidi kukufanya mweupe kwa wiki moja iwache hapo hapo, zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, zilipigwa marufuku kwa vipodozi Kenya na bado zinauzwa. Cheki alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ukinunua, paka kidogo ndani ya kiwiko ungoje siku mbili uone kama itakuwasha. Mimi ningechukua mafuta ya shea kutoka Uganda, harufu utazoea.