Ukaguzi uliorukwa wakati wa korona: ushauri kwa maafisa usalama wapya wa viwandani hapa Tanga

Wadau habari zenu. Naulizwa sana na vijana waliopata kazi ya uafisa usalama huku kwetu, wengi wako viwanda vya saruji na chokaa, wengine bandarini na kule Chongoleani kwenye bomba la mafuta, na swali lao linafanana: kaka nimekabidhiwa ofisi, mafaili yamejaa, kila fomu imetikiwa vizuri ila moyo hautulii, nianzie wapi? Huwa nawaambia anzia 2020. Vuta mafaili ya 2020 na 2021 uyasome taratibu, halafu toka nayo nje ukaangalie chuma chenyewe.

Najua korona watu wameshaisahau, barakoa zimeisha, nyungu hakuna anayejifukiza tena. Lakini vitu vingi vilivyorukwa kipindi kile havikuwahi kurudiwa, vilipita tu kimyakimya, na mtu mpya akija anakuta karatasi safi anaamini mambo yako sawa.

Mimi shughuli yangu ni usalama wa mionzi. Tangu nianze nafuatilia sana wenzetu wa vinu vya nyuklia vinavyozalisha umeme, sio kwamba Tanzania tunacho, hatuna, kwa Afrika nzima kinachofua umeme ni Koeberg tu kule karibu na Cape Town na Misri ndo wanajenga El Dabaa. Nawafuatilia kwa sababu sijaona watu wanaokaguliwa kwa ukali kama wale, na korona ilipowakuta na wao ikabidi walegeze, kwa hiyo ukiangalia walilegeza wapi na kwa masharti gani unapata funzo kubwa la kutumia hata kwenye kiwanda kidogo cha Pongwe.

Chukua Marekani. Tume yao ya kudhibiti nyuklia, NRC, ina utaratibu wa kuweka wakaguzi wanaoshinda hapo hapo kwenye kituo, wasiopungua wawili kila kituo, wana ofisi yao ndani, wanaingia popote muda wowote, mwajiri wao ni serikali sio kampuni. Na hawaachwi wazeeke pale, mwisho miaka 7 anahamishwa ili asije akazoeana na watu mpaka akaanza kuwaonea aibu. Baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island, huko huko Marekani, mwaka 1979 ndo utaratibu huu ukatiliwa mkazo kila kituo. Sasa Machi 2020 hawa wakaguzi wakaambiwa kazi kubwa wafanyie nyumbani, wanasoma taarifa za mtambo kwenye kompyuta, wanapiga simu chumba cha kuongozea mtambo, kituoni wanaenda mara chache na kwa tahadhari. Ufaransa nao mamlaka yao ikahamia kwenye ukaguzi wa mbali kwa sehemu kubwa. Kwa wiki zile za mwanzo ilikuwa sawa, hakuna aliyetaka mkaguzi awapelekee ugonjwa waendesha mitambo, maana watu wenye leseni ya kuendesha kinu ni wachache na wakilala wote hakuna wa kuokota barabarani. Urusi walifika mahali wakawatenga waendesha mitambo wakae karibu na vituo wasichanganyike na familia zao.

Halafu kuna saa za kazi, hapa naomba mnisikilize vizuri maana linatuhusu moja kwa moja. Sheria yao ya kawaida mfanyakazi wa sehemu nyeti asizidishe saa 16 ndani ya saa 24, saa 26 ndani ya saa 48, na saa 72 kwa wiki. Mwishoni mwa Machi 2020 NRC ikasema kituo kikizidiwa kinaweza kuomba ruhusa ya muda, siku 60, watu wafike mpaka saa 86 kwa wiki. Na muda huo huo ndo msimu wa kubadilisha mafuta ya vinu, kazi inayokuja kila miezi 18 mpaka 24, kituo kinapokea mamia ya vibarua wa makontrakta kutoka nje, kinaweza kufika hata elfu moja. Kule Limerick, Pennsylvania, viongozi wa eneo walilalamika kabisa, mnaleta watu wote hawa wakati sisi tumefungiwa ndani? Vituo vingine vikaomba kusogeza mbele ukaguzi wa yale mabomba membamba ya jenereta za mvuke, na mazoezi makubwa ya dharura yakaahirishwa.

Pamoja na yote hayo, kwa taarifa za shirika la nyuklia la kimataifa, IAEA, hakuna kituo kilicholazimika kuzimwa kwa sababu korona imemaliza wafanyakazi. Wenyewe IAEA waligoma kabisa kuacha ukaguzi wao wa kuhakikisha nyuklia haigeuzwi silaha, safari za ndege zilipokatika wakakodi ndege yao kupeleka wakaguzi, kitu ambacho hawakuwahi kufanya tangu shirika lianzishwe 1957. Mimi hilo la ndege linanigusa sana, maana walikuwa na kamera, walikuwa na vifaa vya kutuma taarifa kwa mbali, na bado wakaona kuna kazi lazima mtu afike kwa miguu yake.

Kitu ninachotaka mkishike hapo ni kwamba ruhusa ya kulegeza kwa wenzetu iliombwa kwa maandishi, ina sababu, ina mwanzo na ina mwisho. Huku kwetu kulegeza kwingi hakukuandikwa popote. Fundi wa kampuni iliyouza mashine alikuwa aje kutoka nje, ndege zikasimama, na hata anga letu lilipofunguliwa Mei 2020 kwao bado kulifungwa, basi meneja akasema tutaendelea tu atakuja akija. Hiyo "atakuja akija" haina tarehe, na ndo mpaka leo.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu, kiwanda sitakitaja. Nilikuwa nimehamia hapo si muda mrefu. Kulikuwa na geji ya mionzi kwenye hopa, lile pipa kubwa la kupokelea mzigo, kwa wasioijua geji ni hivi, upande mmoja wa hopa kunafungwa kasha zito la madini ya risasi lenye chanzo cha mionzi ndani, pale ilikuwa Cesium-137, upande wa pili kuna kipokezi, mzigo ukijaa mionzi inayopita inapungua na mtu wa chumba cha kuongozea anajua hopa imejaa kiasi gani. Kwenye kasha kuna mkono wa chuma wa kufunga shata, yaani kizibo cha mionzi, ukiuzungusha mionzi inazibwa, unapiga kufuli, ndo fundi anaruhusiwa kuingia ndani ya hopa. Huo mkono tunatakiwa kuujaribu kila baada ya miezi sita. Fomu zilikuwepo, kipindi chote cha korona hakuna iliyoruka, zote zimeandikwa "nzuri", mwandiko mmoja, kalamu ya bluu ile ile, hata mahali pa saa pameandikwa saa nne asubuhi kila fomu.

Siku ukaguzi wa ana kwa ana uliporudi akaja mkaguzi, dada mmoja mpole haongei sana. Mafaili aliyapitia haraka tu, hakuyasifia hakuyaponda, akaomba kofia ngumu akasema twendeni juu. Tukapanda zile ngazi, vumbi la chokaa limejaa kwenye reli, akasimama mbele ya geji akasema naomba muifunge niione. Opereta, mtu mzima anayeheshimika pale, akaushika mkono akausukuma, haukwenda. Akaweka mikono miwili, haukwenda. Mnajua hewa yetu ya Tanga, chumvi ya bahari na unyevu, ukichanganya na vumbi lile linaganda kama zege, shata lilikuwa limekamatwa kabisa likiwa wazi. Na kwenye ubao wa kazi pale chini palikuwa pameandikwa wiki inayofuata mafundi wanaingia hopa kubadilisha sahani za ndani.

Yule dada hakufoka. Alituambia tuandike hapo hapo marufuku mtu kuingia hopa, tuzungushie utepe, tupime mionzi kuzunguka eneo lote, halafu aitwe mtu mwenye kibali cha kufungua lile kasha, sio fundi wetu na WD-40. Ikafanyika hivyo. Baadaye nilikaa na yule mzee, nikamwamkia, nikamuuliza kwa upole mzee wangu huu mkono mara ya mwisho umeuzungusha lini, akasema mwanangu, kipindi kile wakaguzi walikuwa wanapiga simu, wanauliza geji ipo salama, tunajibu ipo salama, hawakuwahi kuniambia niizungushe. Na hakusema uongo, geji kweli ilikuwepo na ilikuwa inasoma vizuri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndo ninaousisitiza kuliko yote, kila kilichokaguliwa kwa simu, kwa picha ya WhatsApp au kwa fomu kutumwa kwenye imeili kati ya 2020 na 2022 kihesabu hakijakaguliwa mpaka mtu akishike. Nyaraka endelea kuzisoma kwa mbali, hakuna ubaya, inaokoa nauli na muda, ratiba za mafunzo, leseni, majibu ya beji za kupimia mionzi wanazovaa wafanyakazi hivyo vyote vinasomeka ukiwa ofisini. Ila kila kitu chenye mkono, vali, kengele, swichi ya dharura au kufuli, panda ukakizungushe. Simu haisikii harufu ya oili iliyoungua, na picha inapigwa upande uliopendeza.

Halafu tengeneza orodha ya madeni, daftari la kawaida tu linatosha, andika kilichoahirishwa, nani aliruhusu, ni nani atakifanya na tarehe gani. Kama hakuna jina la aliyeruhusu andika hivyo hivyo kwamba halipo, usimbunie mtu.

Mkiona nakazania sana tarehe ni kwa sababu ya Davis-Besse, kinu cha Ohio, habari ya kabla ya korona kabisa lakini naona kila afisa usalama aijue. Mwaka 2001 NRC ilitaka vinu vya aina hiyo vikaguliwe vifuniko vyao mpaka kufikia 31 Desemba, kituo kikaomba kisogezewe, kikakubaliwa mpaka katikati ya Februari 2002. Kilipozimwa na kukaguliwa, Machi wakakuta asidi ya boriki iliyokuwa inavuja imekula chuma cha kifuniko karibu sentimita 16, kimebaki kile kibati cha stenlesi cha ndani ambacho hakifiki hata sentimita moja, na hicho kibati ndo kilikuwa kinashikilia presha yote ya kinu. Kituo kikakaa miaka miwili hakijawashwa. Kinachoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo siku nyingi, kuna filta za hewa zilizokuwa zinabadilishwa mara moja kwa mwezi zikaanza kuziba na kutu kila baada ya siku moja mbili, watu wakawa wanabadilisha tu filta. Hebu nenda stoo kwako muulize mtunza stoo ni kitu gani kinaisha haraka kuliko zamani, kama ni gaski au filta au fyuzi, atakuambia mambo ambayo hayapo kwenye ripoti yoyote.

Na waulize watu wa shifti. Wakati wa korona wengi walipiga shifti mbili mfululizo kwa kuwa mwenzake anaumwa au amefiwa, na sehemu nyingine huo mtindo umebaki mpaka leo maana bosi aliona kazi inaenda na watu wachache. Ukikuta mtu anafika saa 80 na kitu kwa wiki jua anazidi ile ya kawaida ya wenzetu wa nyuklia na kusogelea ile walioiita ya dharura, na wao waliiwekea siku 60.

Kuna na hili la wazee waliotutoka au kustaafu miaka ile. Waliochukua nafasi zao wengine hawajawahi kuona ukaguzi wa kweli wala zoezi la dharura, king'ora kikilia anatoa simu arekodi. Fanyeni zoezi, hata la nusu saa, na mlifanye shifti ya usiku wakati meneja hayupo.

Mkaguzi akija msipake rangi jana yake na msiwafundishe watu majibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mpe hilo daftari la madeni mwenyewe kabla hajauliza, kwa uzoefu wangu anayekuta mmeshajikagua anawasaidia kutafuta ufumbuzi, anayekuta mmeficha anaanza kutilia shaka mpaka vile vilivyo sawa.

Kwa upana zaidi, majirani zetu Kenya wana mpango wa kinu cha umeme wa nyuklia, kwanza walitaja Uyombo kule Kilifi, pwani hii hii yetu, wananchi wakaandamana 2024, baadaye macho yakahamia Siaya upande wa ziwa. Sheria yao ya 2019 imeshaunda mamlaka ya kusimamia nyuklia. Sisi tuna Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, makao yake Arusha, kwa sheria ya 2003, na tuna urani kule Namtumbo. Siku na sisi tukiamua kujenga kinu, ningependa wakaguzi wetu wa kukaa kituoni wawe wameshaajiriwa, wamefundishwa na kuzoea kupanda ngazi zenye vumbi kabla zege la kwanza halijamwagwa.

Mwisho kwa wale mnaoniambia bosi hataki, anasema hakuna bajeti ya kumwita mtu wa kalibresheni. Usigombane naye. Andika barua fupi, taja kifaa, taja lini kilitakiwa kupimwa, taja nani anaingia eneo hilo, weka tarehe, mpe nakala isainiwe mapokezi na moja ubaki nayo. Kama ni chanzo cha mionzi na shata halifungi, hapo hapasubiri majibu ya barua, zuia watu kuingia na upige simu TAEC siku hiyo hiyo, hilo halisubiri saini ya meneja.